Una hoja, una dalili, na bado unanyamaza: ni imani au ni woga?

#1 Mgosi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu. Wasiokuwa Waislamu, za saa hizi. Wagosi wenzangu, kaya hamjambo?

Mfunguo Sita ukiingia hapa Tanga, kabla mikeka ya maulidi haijatandikwa, ubishi umeshatandikwa. Yanafaa, hayafai. Barazanji, kile kisomo cha maulidi, isomwe, isisomwe, tusimame, tusisimame. Kabla ya hapo tulikuwa kwenye mwezi: umeandama, haujaandama, tufuate tangazo la Mufti, tufuate Makka. Ukitoka hapo unaangukia timu zetu za mpira, Coastal na African Sports. Huu ni mji ambao mtu anaiacha kahawa ipoe ili amalizie hoja, na siwasemi kwa mbali, mimi ni wa humo humo. Kijiwe chetu kiko barabara za namba, na wanaokifahamu wanajua hatufungi mapema.

Kilichonileta ni hadithi moja tunayoisikia sana na kuipita haraka. Imo katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daud, kutoka kwa sahaba Abu Umama. Mtume (s.a.w.) anamdhaminia nyumba pembezoni mwa Pepo mtu anayeacha ubishi hata kama yeye ndiye mwenye haki. Zipo nyumba nyingine mbili humo, ya katikati kwa anayeacha uongo hata wa mzaha, na ya juu kwa mwenye tabia njema, lakini leo nataka tubaki na hiyo ya kwanza. Hata kama yeye ndiye mwenye haki.

Maana asiye na hoja, kunyamaza kwake si kazi. Hadithi inamsema mtu mwingine kabisa: dalili, yaani ushahidi wa kitabu, anayo, kitabu amekisoma, ukurasa anaujua, mwenzie ameshaanza kubabaika, na watu wamesogeza viti kusikiliza. Hapo ndipo anapoambiwa aache. Wengi tunaichukulia kama nasaha ya adabu, kama kuambiwa usiongee huku unatafuna. Mimi nasema hapa pana imani tupu. Anayeacha pale anaondoka kijiweni akiwa ameshindwa mbele ya kila mtu. Kesho watasema fulani jana alikwama. Hana shahidi hata mmoja kwamba jibu alikuwa nalo, ila Mwenyezi Mungu peke yake. Kama moyoni hana yakini kwamba yupo Anayejua, hawezi kuvumilia hata mpaka Isha. Atarudi na kitabu kwapani.

Kuna kisa cha Sayyidna Abu Bakr, nacho kimo kwa Abu Daud. Mtu alimtukana mbele ya Mtume. Akanyamaza. Akamtukana tena, akanyamaza. Mara ya tatu akamjibu, na Mtume akainuka. Abu Bakr akashtuka, akauliza kama amemuudhi. Akaambiwa kwamba malaika alikuwa ameshuka anamkadhibisha yule mtukanaji, na Abu Bakr alipojitetea mwenyewe shetani akaingia, na Mtume si wa kukaa mahali alipoingia shetani. Angalieni: hakuambiwa amesema uongo. Alichosema huenda kilikuwa kweli tupu. Ila aliichukua kazi iliyokuwa mikononi mwa mwingine.

Na Bi Maryamu. Nani hapa duniani alikuwa na haja ya kujitetea kumzidi? Anarudi kwa watu wake amebeba mtoto, na anaagizwa (Sura ya 19, aya ya 26) asiseme na mtu siku hiyo, amewekea nadhiri kwa Mwingi wa Rehema. Aliashiria tu. Jibu likatoka kwa mtoto.

Swali langu kwa wakuu: kunyamaza kwetu sisi kunafika huko, au tunapaka woga rangi ya dini?

#2 Kimanumanu Damu

Coastal mkikosa hoja mnaita imani 😂 Natia nanga hapa nifuatilie, mgosi.

#3 Tandiko

Nanga. Wajuzi waje.

#4 Ustadhi wa Makorora

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mada nzuri, ila naona imeegemea upande mmoja.

Hadithi uliyoitaja ni sahihi kuitolea hoja, sina neno. Lakini hadithi nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim, inasema atakayeona ovu aliondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo, na huo wa moyo ndio udhaifu wa imani wa mwisho. Sasa wewe unaanzia mwisho halafu unaita daraja la juu? Aya ya 283 ya Sura Baqara inasema msifiche ushahidi, na anayeuficha moyo wake una dhambi. Na jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Neno, si kimya.

Halafu tazama Nabii Harun. Watu wanaabudu ndama mbele ya macho yake, Musa anarudi anamshika ndevu na kichwa. Kwa nini? Kwa kunyamaza! Kama kimya ni imani, Musa alikasirikia nini?

Mambo ya dini yakiachwa kwa jina la amani, baada ya kizazi kimoja hakuna anayejua sunna ni ipi na mazoea ni yapi. Mimi kunyamaza siwezi.

#5 Mgosi wa Ngamiani

Shehe, umekuja na uzito wako na nimeupokea. Ahsante sana kwa Harun, kwa sababu yeye ndiye mfano wangu.

Rudi nyuma aya chache kabla ya zile ndevu. Sura Twaha, aya ya 90: Harun alikwisha waambia. Enyi watu wangu, mmetiwa mtihanini kwa kitu hiki, Mola wenu ni Mwingi wa Rehema, nifuateni mimi. Wakamjibu kwamba hawatamwacha ndama mpaka Musa arudi. Maneno yaliishia hapo. Yaani haki aliisema, tena waziwazi, tena kwa kundi zima. Alichokiacha ni kuendelea. Na Musa alipomshika akatoa sababu yake: nilichelea usije ukasema nimewafarikisha Wana wa Israili. Musa akamwombea msamaha yeye na nduguye, hasira akaihamishia kwa Samiri, aliyewatengenezea ndama, ambako ndiko ilikostahiki.

Kwa hiyo sisemi ukweli ufichwe. Sema. Sema mara moja, kwa dalili, kwa sauti ambayo mtu anaweza kuirudia nyumbani kwake bila aibu. Baada ya hapo mwenzio ameshasikia, ana akili, ana Mola wake. Ya pili unaweza kuisema kwa sababu hakukuelewa. Ya tatu, shehe, tuambizane kweli: ya tatu tunaisema kwa sababu watu wanatutazama.

Na sisi Washafii wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunacho kisa chetu. Inasimuliwa kwamba Imamu Shafii alisali Alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa, imamu wa madhehebu mengine, kule Baghdad, akaacha kunuti, ile dua ya kusimama ndani ya swala. Kunuti! Kitu ambacho hapa mjini imamu akikiruka kuna wazee wanarudi nyumbani wananung'unika njia nzima. Alipoulizwa akasema ni kwa adabu kwa mwenye kaburi lile, ambaye hakuwa anaona hivyo. Shafii hakubadili rai yake. Vitabu vyake vimebaki vinasema kunuti ni sunna mpaka leo. Aliinyamazisha rai yake kwa swala moja, mbele ya mtu ambaye hata kumshukuru asingeweza.

#6 Mzee wa Kahawa

Mimi ndiye ninayeuza kahawa na kashata. Naomba msinyamaze sana, ubishi wa mwezi peke yake unanimalizia mabirika mawili.

#7 Kimanumanu Damu

Mzee wa Kahawa ndiye amesema ukweli mtupu kwenye uzi huu 😂😂

#8 Wa Soni

Tumsifu Yesu Kristo, na salaam kwa wote. Mimi Mkatoliki, asili yangu Lushoto, kwa sasa niko Chumbageni. Naomba nichangie kwa upande wa kitabu changu, bila nia ya mhadhara.

Mihadhara naitaja makusudi. Nilipokuwa kijana, miaka ya tisini, ilikuwa imeshamiri: kipaza sauti uwanjani, Biblia mkono huu, Kurani mkono ule, watu wanashangilia aya kama magoli ya Mkwakwani. Kanda zilikuwa zinauzwa. Sikumbuki hata jirani yetu mmoja aliyebadilisha dini kwa kuzidiwa pale uwanjani. Ninachokumbuka ni nyumba mbili zilizokuwa zinapelekeana futari na mandazi ya Krismasi, na msimu ule zikaacha.

Kuhusu kunyamaza, kwetu mfano mkuu ni Bwana Yesu mbele ya Pilato. Mathayo 27:14, hakumjibu hata neno moja, liwali akastaajabu sana. Wahubiri wengi wanaishia hapo. Lakini mimi nimekuwa nikisoma sura zile zote za mateso kwa pamoja, na nimeona kwamba hakunyamaza kwa kila mtu. Kwa Herode alinyamaza kabisa (Luka 23), kwa sababu Herode alikuwa anataka kuona kioja, muujiza wa kujiburudisha. Kwa yule askari aliyempiga kofi mbele ya kuhani mkuu, alijibu palepale: kama nimesema vibaya, ushuhudie huo ubaya, na kama nimesema vema, wanipigia nini? Yohana 18:23. Hilo ni swali la mtu anayedai haki yake kwa utaratibu kabisa. Hakurusha tusi, wala hakugeuza shavu la pili wakati ule ili yule bwana aendelee.

Kwa hiyo kwangu swali si ninyamaze au nijibu. Swali ni huyu anayeniuliza anataka nini. Mithali 26 imeweka mistari miwili kifua kwa kifua: wa nne unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, wa tano unasema mjibu. Aliyepanga hakuona haja ya kutuchagulia.

Jambo dogo la mwisho. Kwetu karibu na Soni kuna wamonaki Wabenediktini, pale Sakharani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 6, inahusu kunyamaza, na inaanza na Zaburi ya 39, pale mtunzi anaposema alijizuia hata kunena mema. Mema! Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kuzidisha. Sasa naanza kuielewa, maana ubishi wangu mwingi na mke wangu huwa ninaubishania jambo jema.

#9 Mgosi wa Ngamiani

Wa Soni, hiyo ya Herode na askari imeniingia. Na pale kwa mke umetupiga wengi.

#10 Bint Pangani

Nimesoma toka juu. Nimesubiri nione kama kuna mwanamume atakayelifikia hili, sijaona, basi nalisema mimi.

Hadithi yenu ya nyumba pembezoni mwa Pepo nimeisikia kwenye nasaha za harusi mara nyingi, na kila mara imeelekezwa upande wa bibi harusi. Somo anakuingiza ndani anakupa lile lile la maji mdomoni: mume akifoka, chota maji, yaweke mdomoni, usimeze usiteme mpaka amalize. Watu wanacheka, vigelegele. Sijawahi kusikia kungwi wa wanaume akiwagawia maji. Na wapo waliokaa na maji mdomoni huku wanapigwa, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzie kwa kipigo.

Mgosi umemtaja Bi Maryamu. Mbona humtaji Bi Khawla binti Tha'laba? Mumewe alimwambia wewe kwangu ni kama mgongo wa mama yangu, kauli ya kijahilia, ya zama za kabla ya Uislamu, inayomwacha mwanamke si mke si mtalaka. Akaenda kwa Mtume. Akajadili. Akaambiwa jibu, akarudi kujadili tena. Bi Aisha anasimulia kuwa alikuwa pembeni ya chumba hicho hicho na maneno mengine hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia. Ikateremka Sura ya 58, na inaanza na yeye: Mwenyezi Mungu amekwisha sikia usemi wa mwanamke anayejadiliana nawe juu ya mumewe. Sura nzima imepewa jina kwa ajili ya mwanamke aliyekataa kunyamaza, na hakuambiwa amekosa imani.

Na aya ya 148 ya Sura Nisaa: Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Ila!

Sasa nawapa la nyumbani, bila majina. Nina shangazi yangu kule Mwera. Babu alipofariki aliacha shamba la minazi. Mirathi haikufunguliwa, wajomba zake na kaka zake wakasema tusigombane mbele za watu, marehemu hajapoa, wewe ni mtu wa dini, nyamaza. Akanyamaza. Minazi ikavunwa, nazi zikauzwa, kipande kikakatwa kikauzwa, naye anaambiwa subira ina malipo. Leo kila mtu ukoo mzima anamsifu kwa upole. Hakuna aliyempelekea hata dafu.

Niambieni: huyo yuko kwenye nyumba yenu ya Pepo, au amezibwa mdomo kwa hadithi ya Mtume?

#11 Mama Wawili

Bint Pangani, nimesimama nikapiga makofi jikoni peke yangu.

#12 Ustadhi wa Makorora

Binti yangu umesema kweli. Mirathi ni amri, Sura Nisaa imetaja mafungu kwa hesabu, si jambo la kuombana. Anayekula fungu la mwanamke kwa kumwambia asubiri, amekula moto, na anayemsaidia kwa kumnyamazisha ni mshirika wake. Hapa hata Mgosi nadhani hatabisha.

#13 Mgosi wa Ngamiani

Sitabisha, shehe.

Bint Pangani, nimekaa na posti yako tangu adhuhuri. Nilikuwa nimeandaa jibu rahisi: kwamba haki yako mwenyewe unaweza kuiachia, ya mwenzio huwezi. Jibu hilo linatosha kwa wale wajomba wote waliojua na wakakaa kimya, maana haki haikuwa yao. Lakini halimtoshi shangazi, kwa sababu haki ni yake. Kwa hesabu yangu ya mwanzo angekuwa mwanamke wa Peponi, na wewe umenionyesha kwamba hesabu hiyo ina tundu.

Nadhani tundu liko hapa. Mtu wa hadithi ile ana haki na ana uwezo wa kuichukua. Kiti anacho, watu wanamsikiliza, akifungua kinywa atashinda. Anauweka ule uwezo chini kwa hiari. Shangazi hakuwa na kitu cha kuweka chini. Hakuna aliyemuuliza. Basi apewe kwanza uwezo wa kusema, mbele ya hakimu, karatasi iko mezani, fungu lake limeandikwa. Akishalishika mkononi, kama atataka kumsamehe kaka yake, hapo ndipo tutakapozungumza habari za Pepo.

Na kuna upande wa dunia. Kimya kwenye ardhi kina saa inayotembea. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kwa madai ya ardhi, na anayekaa akisubiri nduguye aone haya, mwisho anakuta mlango umefungwa. Mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi, na huyo msimamizi asiwe yule aliyekata kipande.

Sasa niseme nililokuwa nalo moyoni wakati naanzisha uzi, maana mpaka hapa tumesema zaidi habari za wanyamazaji wa vitabuni.

Nyumbani kwetu Mabawa tuko watatu wa kiume. Kaka mkubwa anafunga na kufungua kwa tangazo la Mufti. Mdogo wetu wa mwisho anafuata Makka. Mimi niko katikati, yaani niko upande wa mama. Kwa muda mrefu usiku wa mwezi kwetu ulikuwa usiku wa vita: simu zinapigwa Unguja, mmoja anasoma hadithi ya Kurayb, mwingine anasema hadithi hiyo hujaielewa. Wasioijua, Kurayb alikuwa Sham (upande wa Syria), akauona mwezi usiku wa Ijumaa. Alipofika Madina akamkuta sahaba Ibn Abbas anasema sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea na wetu. Imo kwa Muslim. Yaani ubishi huu una umri kuliko msikiti wowote wa pwani, na masahaba hawakuvunjiana vikombe kwa ajili yake. Sisi tulivunja. Kikombe kimoja, cha seti ya mama.

Mwaka mmoja ikatokea tena, mdogo anafungua, kaka bado ana siku moja. Sote tukakaa tukisubiri mlipuko. Kaka hakusema kitu. Asubuhi, saumu mdomoni, akachukua baiskeli akaenda soko la Mgandini, akarudi na nyama, mchele na viungo, akampelekea shemeji yake. Akasema pilau ya watoto isichelewe. Basi. Hakusema "ingawa siafiki". Hakuuma meno. Jioni akafuturu nyumbani kwake kama kawaida. Kesho yake, kwenye Idi yake yeye, mdogo wetu akavaa kanzu akaenda msikitini kwa kaka, akakaa nyuma kusikiliza hotuba.

Hakuna aliyebadili rai. Ukimuuliza kaka leo atakwambia mdogo wetu alikula mchana wa Ramadhani. Mdogo atakwambia kaka alifunga siku ya Idi, nayo ni haramu. Kila mmoja anaona mwenzie ana kosa zito, si la mchezo, na kila mmoja ana vitabu. Watoto wana Idi mbili.

Nilichojifunza kwa kumtazama kaka ni kwamba kimya chake kilikuwa na mikono na miguu. Kilikwenda sokoni. Maana sisi watu wa pwani tuna kimya kingine, nacho tunakijua vizuri sana: kununa. Mtu amefunga mdomo, lakini status ya WhatsApp inasema. Dada zetu wamefunga mdomo, kanga inasema. Unapishana naye uchochoroni hajakujibu kitu, mgongoni "Hasidi hana sababu". Mwingine anajitoa kwenye kundi la familia usiku wa manane ili asubuhi wote waone ametoka. Huko ni kubisha kwa njia nyingine, na ni kubaya zaidi, kwa sababu mwenzio hana hata sentensi ya kujibu. Mwingine ananyamaza kwa dharau, anaona wa kubishana naye hajazaliwa.

Kipimo nilichokiona mimi ni salamu. Si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageukia huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Imo kwa Bukhari na Muslim. Hoja unaweza kuinyamazia hata miaka. Salamu, siku tatu tu. Anayeacha ubishi halafu akaacha na salamu, huyo hajaacha ubishi.

#14 Tandiko

Mgosi hapo kwa kujitoa kwenye kundi umenitaja jina kabisa.

#15 Wa Soni

Nimependa mambo ya kaka. Ila nina mashaka kidogo. Kaka mkubwa ndiye mwenye fedha ya nyama. Angekuwa mdogo ndiye aliyenyamaza, asiye na fedha, mngesema ameheshimu wakubwa, basi, na uzi usingeandikwa. Naona Bint Pangani bado ana hoja hata ndani ya nyumba yenu.

#16 Mgosi wa Ngamiani

Hapo umenikamata. Mdogo wetu ni fundi baiskeli, na ni kweli kukaa kwake nyuma msikitini siku ile hakuna aliyekuzungumzia kijiweni. Walizungumzia nyama.

#17 Ustadhi wa Makorora

Mimi kwa upande wa mwezi na maulidi bado nina msimamo wangu, na huo mfano wa pilau ni mzuri kwa udugu lakini si dalili ya kisheria. Mwenye kuongoza watu ana wajibu wa kubainisha hata kama watachukia. Sema mara moja, unasema. Mtume alilingania miaka 23, si mara moja. Tena watu wale wale.

#18 Mgosi wa Ngamiani

Hiyo ya miaka 23 ni nzito, shehe. Karibu kijiweni, kahawa juu yangu.

#19 Mzee wa Kahawa

Juu yako tangu lini? Lipa kwanza la wiki iliyopita.

#20 Kimanumanu Damu

😂😂😂 Hapo asinyamaze mtu.

#21 Mama Wawili

Bint Pangani, mrejesho wa shangazi?

#22 Bint Pangani

Nimempigia jana usiku, nikamsomea uzi wote, posti kwa posti. Amecheka kwenye kahawa. Kwenye lile la kaka na nyama akasema huyo kaka amelelewa.

Nilidhani nitambembeleza. Kumbe mwenzangu alishafika zamani, alikuwa anakosa mtu wa kwenda naye tu. Nazi zilizovunwa miaka yote ameshasamehe, hataki hata kaka yake aulizwe, na amesema nikiulizia hesabu ya nazi mahakamani ataondoka aniache. Kipande kilichouzwa anataka ijulikane kimeuzwa na nani, kwa sababu yule mnunuzi naye alitoa fedha yake na ana watoto. Kilichobaki anataka kiandikwe, fungu lake na la dada yake aliyeko Muheza, ambaye naye hakuulizwa.

Cheti cha kifo cha babu kimepatikana kwa mtoto wa ami. Jumatatu tunakwenda Pangani mjini. Kaka yake mmoja ameshapata habari, ametuma ujumbe mrefu wa sauti kwenye kundi la ukoo, dakika nyingi, anauliza tangu lini mwanamke mcha Mungu akapeleka ndugu zake mahakamani. Shangazi ameusikiliza wote. Hajamjibu. Amemwandikia tu: assalaam alaykum kaka, Jumatatu saa mbili asubuhi, ukiweza njoo na mashahidi wako.